Umeme wa Tumbo: Tiba ya Kweli na Mtego wa Sokoni

Mada iliyotolewa katika darsa la Ramadhani mjini Kakamega, baina ya Alasiri na Maghrib

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote zinamstahikia Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. 

Ramadhani ni mwezi ambao tumbo husema. Miezi kumi na moja tumelinyamazisha kwa chai na mandazi, kila likilalamika tunalitupia kitu. Likiachwa tupu kutoka Alfajiri hadi Maghrib, linatoa siri zake. Huyu ana kiungulia, yule ana gesi, mwingine anasema chakula cha jana bado kimekaa hapa kifuani. Na kila tumbo likisema, yuko mtu sokoni amekaa tayari kulijibu.

Siku hizi jibu moja linalouzwa ni umeme. Utaambiwa shika kichuma hiki mkononi, dakika moja tu, kompyuta itakusomea ugonjwa wako wa tumbo. Au funga mshipi huu, utetemeke kidogo, alsa itakauka. Vijana wengi wameuliza: je, mambo haya ni kweli au ni uongo? Jibu langu ni kwamba umeme wa kutibu tumbo upo kweli, tena ni elimu kubwa. Lakini ule wa kweli na ule wa sokoni ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na anayevichanganya anaweza kupoteza pesa, au akapoteza mzazi wake. Tuende taratibu.

TUMBO LINA UMEME WAKE

Usishangae kusikia umeme mwilini. Moyo unapiga kwa umeme, ndiyo maana hospitalini mtu hubandikwa nyaya kifuani moyo ukapimwa. Tumbo nalo Allah amelipa umeme wake. Ndani ya ukuta wa tumbo mna seli maalum zinazoitwa seli za Cajal, kwa jina la mtaalamu wa Uhispania, Santiago Ramón y Cajal. Seli hizi ni kama mpiga ngoma. Zinatoa wimbi dogo la umeme kiasi cha mara 3 kwa dakika, na misuli ya tumbo hufuata mdundo huo, ikisaga chakula na kukisukuma kidogo kidogo kuelekea utumbo mdogo. Mwanzo wa utumbo mdogo nao una mdundo wake wa haraka zaidi, kama mara 12 kwa dakika. Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mapema miaka ya 1920 daktari Walter Alvarez wa Marekani alikwisha kuurekodi umeme wa tumbo kwa nyaya zilizowekwa juu ya ngozi.

Hata fikra ya kutibu kwa umeme ni ya kale. Katika karne ya kwanza Miladia, tabibu wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus aliandika juu ya kumtumia samaki wa umeme wa baharini kwa maumivu ya kichwa na jongo. Hapa Kenya tuna kambare wa umeme katika Ziwa Turkana, na yuko pia katika mto Nile. Waarabu humwita samaki wa namna hii ra'ad, neno lenye asili moja na radi yetu ya Kiswahili. Kwa hiyo hatusemi umeme si dawa. Tunauliza: umeme gani, kwa ugonjwa gani, na mkononi mwa nani?

KIFAA CHA KWELI NI CHA NANI?

Kuna ugonjwa unaoitwa gastroparesisi. Maana yake tumbo limelegea, halisukumi chakula inavyotakiwa, ingawa njia haijaziba. Mgonjwa anakula matonge mawili ya ugali anashiba. Anajaa, anachafukwa na moyo, na mara anatapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita. Wengine hupatwa na hali hii baada ya upasuaji, wengine sababu haijulikani, na wengi kwa kisukari cha muda mrefu kilichoharibu mshipa wa fahamu unaoliongoza tumbo. Ugonjwa huu haupimwi kwa kushika chuma. Mgonjwa kwanza huangaliwa tumboni kwa kamera ili ihakikishwe kwamba hakuna kilichoziba. Kisha hupewa chakula maalum chenye alama inayoonekana kwenye mashine, na madaktari hufuatilia kimebaki kiasi gani tumboni hadi saa 4. Kikibaki zaidi ya asilimia 10 saa hizo, tumbo limechelewa.

Kwa wagonjwa wa namna hii waliojaribu chakula maalum na dawa bila nafuu, kuna kifaa cha umeme kinachoitwa Enterra. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikiruhusu, lakini kwa ruhusa maalum ya vifaa vya kuwasaidia wagonjwa wachache wenye magonjwa adimu. Ni kidogo kama saa ya mfukoni. Daktari wa upasuaji hukiweka chini ya ngozi ya tumbo, na nyaya mbili huchomekwa ndani ya msuli wa tumbo lenyewe. Kinatoa mapigo madogo sana ya umeme kila baada ya sekunde chache, na betri ikiisha baada ya miaka, mgonjwa hurudi kufanyiwa upasuaji mwingine.

Sasa sikilizeni uaminifu wa elimu. Mwaka 2020 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 172 waliowekewa kifaa hiki. Kila mgonjwa alipitia miezi 4 kikiwa kimewashwa na miezi 4 kikiwa kimezimwa, bila kujua ni lini kinafanya kazi. Matokeo: kutapika kulipungua kilipowashwa. Lakini tumbo halikuharakisha kuteremsha chakula, na hali ya maisha kwa jumla haikubadilika sana. Umeona? Kifaa cha upasuaji, cha bei kubwa, kilichochunguzwa miaka na miaka, wenyewe wanasema: kinapunguza kutapika kwa baadhi ya wagonjwa, basi. Hawakusema kinatibu alsa. Hawakusema kinaondoa gesi, shinikizo la damu na ugumba kwa pamoja.

MAMA ZETU WANAOTESEKA KIMYA

Kifaa cha pili nakitaja kwa heshima, kwa sababu kinahusu aibu inayofichwa. Wako mama zetu ambao baada ya uzazi mgumu walichanika, na tangu hapo hawawezi kuzuia choo au upepo. Wengine wanaacha kwenda msikitini, wanaikimbia tarawehe, wanakaa mbali na watu, na hawamwambii yeyote. Tangu mwaka 2011 FDA imeruhusu kwa tatizo hili kifaa kinachopeleka umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo. Mgonjwa hujaribiwa kwanza kwa waya wa muda. Akipata nafuu ndipo kifaa hupandikizwa.

Lakini kabla hata ya kufikiria umeme, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga, kuna dawa, na kuna upasuaji wa kurekebisha palipochanika. Mama, mwambie daktari au nesi. Huu ni ugonjwa, si fedheha. Na fiqhi yetu haikukuacha: mwenye udhuru wa kudumu ana hukumu zake za udhu na sala. Muulize sheikh au ustadha, usiiache sala kwa kuona haya.

Hapa kuna funzo kubwa kwa kila mtu. Nchini Uingereza walijaribu njia nyepesi zaidi ya kutibu tatizo hilihili, kwa sindano ya umeme karibu na kifundo cha mguu. Wagonjwa 227 waligawanywa. Baadhi walipewa umeme wa kweli, wengine umeme wa kuigiza, wasijue nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya waliopewa wa kweli, asilimia 38 walipata nafuu ya nusu au zaidi. Na kati ya wale wa kuigiza? Asilimia 31. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema umeme umefanya kazi.

Lifikirie jambo hili vizuri. Karibu mtu mmoja kati ya watatu alipata nafuu kwa mashine ya kuigiza! Kwa hiyo jirani yako akikuambia, "Mimi nilifungwa ule mshipi nikapona," huenda hasemi uongo. Amehisi nafuu kweli. Maumivu ya tumbo hupanda na kushuka yenyewe, na moyo ukitulia kwa matumaini tumbo nalo hutulia. Lakini nafuu ya siku tatu haikuthibitishii kwamba kidonda kimefunga.

MTEGO WA SOKONI

Mashine hizi za mtaani hazikuanzia kwetu. Mwaka 2002 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilizishtaki kampuni zilizokuwa zikitangaza mishipi ya umeme kwenye televisheni, kwamba ukiifunga tu tumbo linapungua bila mazoezi. Mwaka 2007 gazeti la Seattle Times lilifichua biashara ya mashine iitwayo EPFX, iliyodaiwa kutambua na kutibu magonjwa kwa mawimbi, na mwaka 2008 FDA ikapiga marufuku kuingizwa kwake Marekani. Mashine za aina hiyo zikibanwa huko, ndugu zao huja huku na majina mapya.

Ile ya kushika kichuma utaijua kwa tabia yake. Baada ya dakika moja inatoa kurasa nyingi za majibu: ini, figo, nyongo, tumbo, mifupa, mpaka akili. Kila mtu ana ugonjwa, hakuna anayeambiwa yuko salama. Na dawa ya magonjwa yote hayo, ajabu, iko kwenye kabati ya huyohuyo mwenye mashine. Umeme mdogo unaopita kwenye kiganja hauwezi kuona kidonda ndani ya tumbo. Kidonda huonekana kwa kamera.

Tusidhulumu pia. Ipo mashine ndogo ya vibandiko ambayo wataalamu wa viungo hospitalini huitumia kwa maumivu ya mgongo au misuli. Hiyo ina nafasi yake. Lakini hata hiyo si dawa ya alsa, na mwenye kifaa cha moyo au mama mjamzito asiiguse bila daktari.

Ndugu zangu, dini yetu haikunyamaza. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ameweka wazi kwamba anayejitia utabibu, naye hajulikani kwa elimu hiyo, anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Kijana unayeombwa kuziuza mashine hizi kwa kamisheni, hata baada ya tarawehe nje ya msikiti, jiulize kama uko tayari kuibeba dhamana hiyo mbele ya Allah. Kanzu na kofia yako ndizo zinazomfanya bibi akuamini.

UGONJWA WETU HASA NI UPI?

Wengi wetu tunaosema tuna alsa hatujapimwa. Na waliopimwa, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori. Zamani ilidhaniwa vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walimgundua mdudu huyu. Watu hawakuamini, mpaka mwaka 1984 Marshall akamnywa mdudu mwenyewe na tumbo lake likavimba ndani. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo mdudu huyu anapimwa kwa choo au kwa pumzi, na anatibiwa kwa antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Ukikatiza siku ya tano kwa sababu umejisikia vizuri, mdudu anabaki na anazoea dawa.

Sababu ya pili ni vidonge vya maumivu. Mzee anaumwa magoti, kila siku anapitia kemisti kununua diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, anameza tumbo likiwa tupu. Goti linatulia, tumbo linatoboka. Hakuna mshipi wa umeme utakaomponya mzee huyu ilhali vidonge vinaendelea.

Kisha ziko dalili ambazo hazingoji hata futari. Kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa. Choo cheusi kama lami. Maumivu makali ya ghafla na tumbo gumu kama ubao. Kukonda bila sababu. Na chakula kukwama wakati wa kumeza. Hili la mwisho nalisisitiza kwetu sisi wa magharibi mwa Kenya, kwa sababu ukanda huu wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio inaonekana kwa wingi. Mzee anayesema ugali unakwama, sasa anakunywa uji tu, usimpeleke kwenye mashine ya kichuma. Mpeleke Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kaunti hapa Kakamega, aangaliwe kwa kamera. Miezi mitatu anayoipoteza kwa mwenye mshipi ndiyo miezi ambayo pengine angeweza kusaidiwa.

MGONJWA WA TUMBO NA SAUMU

Allah katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni zawadi, si aibu. Anayetarajiwa kupona atalipa kadha, na ambaye hatarajiwi kupona atatoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Kidonda kinachotoa damu hakifungiwi saumu kwa ushujaa.

Mwenye kisukari awe makini zaidi. Kama tumbo lake limelegea, anaweza kufuturu na kudunga insulini, insulini ikaanza kazi ilhali chakula bado kimekaa tumboni. Sukari inashuka ghafla, anatetemeka, anaanguka. Aonane na daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Kupima sukari kwa tone la damu ya kidole hakufunguzi saumu. Ikishuka chini ya 70 au ikipanda juu ya 300 kwa kipimo cha miligramu, afungue mara moja.

Na angalieni hikma ya sunna. Tende chache na maji, kisha Maghrib, kisha chakula. Chakula kidogo kidogo ndicho wanachoshauri pia madaktari kwa tumbo linalochelewa. Sisi tunafanya kinyume: sambusa, bhajia, viazi karai, vyote kwa mara moja. Mafuta mengi ndiyo yanayolichelewesha tumbo. Kisha usiku tunatafuta mashine.

Kuhusu vipimo, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa katika kikao chake cha 10, Jeddah, mwaka 1997, ilihesabu kamera ya tumboni kuwa haifunguzi saumu, maadamu haikuambatana na kuingizwa maji au kitu kingine. Hospitalini mara nyingi maji hutiwa, kwa hiyo uliza daktari, kisha muulize sheikh. Ikibidi, fungua upimwe, utalipa. Na dawa nyingi za mara mbili kwa siku zinaweza kupangwa futari na daku. Mwambie daktari kwamba umefunga, asikuandikie bila kujua.

MASWALI MANNE

Kijana, wewe ndiye unayesoma maandishi madogo nyumbani. Mzazi wako akivutiwa na mashine yoyote ya umeme, msimkaripie. Nenda naye kwa adabu, na umuulize muuzaji haya manne.

Moja, ugonjwa wa baba umethibitishwa kwa kipimo gani? Ikiwa kipimo ni mashine hiyohiyo inayouzwa, ondokeni.

Mbili, kifaa hiki kinatibu ugonjwa gani mmoja? Kinachotibu kila kitu hakitibu kitu.

Tatu, kimeruhusiwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, na wewe mwenyewe una leseni ya baraza gani la afya? Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa karatasi.

Nne, tukikitumia, je, aache dawa za hospitali? Akisema ndiyo, mshike mzee wako mkono mwende zenu.

Na wasia wangu kwa umoja wetu wa vijana: tunachanga kila mwaka kwa futari, Allah azikubali. Mwaka huu tuchange pia nauli. Tuwapeleke wazee watano, kumi, wenye dalili nilizozitaja, kutoka Lurambi, Malava, Butere na Mumias, wakapimwe. Hiyo nayo ni sadaka katika mwezi ambao thawabu huongezwa.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, utufundishe yenye kutunufaisha, utulinde na kula mali za watu kwa batili. Utakabali saumu zetu na utufikishe Iddi tukiwa na afya na umoja. Amin.